Namna ya Kuanzisha Jarida la Wanafunzi Katika Chuo Kidogo cha Tabora

Chuo kidogo hakikosi makala; kinachokosekana ni mtu wa kuzikusanya. Kila muhula wanafunzi wa historia, lugha na jiografia huandika kazi ambazo msomaji wake ni mhadhiri mmoja tu, zikapewa alama, kisha zikaishia chini ya kitanda bwenini. Jarida la wanafunzi lianzie hapo.

Waombeni wahadhiri wawatajie kazi mbili tatu bora za kila somo, kisha mpate ridhaa ya waandishi wenyewe, kwa kuwa kazi ni mali yao. Aliyeandika kuhusu Mirambo, mtemi wa Urambo aliyefariki mwaka 1884, huenda alianza na kurasa mbili za fasili na nadharia kwa sababu mhadhiri anazidai. Msomaji wa jarida anataka kuanza na misafara ya pembe za ndovu na vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora. Vivyo hivyo aliyechunguza kuni zinazoteketea katika mabani ya kukaushia tumbaku: aanze na alichokiona msituni. Rejea zisifutwe, bali zipunguzwe na kuingizwa ndani ya sentensi. Uhariri huu, mhariri akiwa ameketi na mwandishi aya kwa aya, ndio kazi ngumu kuliko zote, na kwa maoni yangu ustahili nusu ya muda wenu wote, kwani ndipo mwanafunzi anapojifunza kuandika.

Uchapaji ni mwepesi. Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne, hivyo karatasi nne na pini za stapla zinatosha jarida la kurasa 16. Jarida la Cheche, lililoanzishwa na wanafunzi wa Dar es Salaam mwaka 1969, lilitolewa kwa mashine ya kudurufu.

Cheche lilipigwa marufuku mwaka 1970, kwa hiyo kubalianeni mapema na mshauri wa wanafunzi, kwa maandishi, nani ana kauli ya mwisho juu ya yaliyomo. Kabla ya kuliuza mjini, ulizieni pia masharti ya leseni yaliyomo katika Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016.

Toeni toleo katikati ya muhula, mbali na mitihani. Anayekosolewa apewe nafasi ya kujibu katika toleo hilohilo, maana mtakutana naye kwenye foleni ya chakula. Wahariri wasaidizi wachaguliwe kutoka mwaka wa kwanza na wa pili, wakabidhiwe mafaili kabla wa mwaka wa tatu hawajaondoka.