Umepigwa tochi? Soma hii kabla hujatoa hata mia

Hii naiandika kwa ajili ya wenye magari madogo ya binafsi wanaotembea barabara zetu hapa Tanzania, hasa zile ndefu, Dar kwenda Moro, Chalinze kwenda Segera mpaka Moshi, Moro kwenda Iringa. Nimezitembea sana hizo, nimeshapigwa tochi, kile kipima mwendo cha trafiki, kwa haki na nimeshaandikiwa pia kosa ambalo sio langu, na nilichokuja kugundua ni kwamba hela nyingi zinapotea kwenye zile dakika tano za kwanza, mtu akisimamishwa tu presha inapanda, mkono tayari uko kwenye waleti, hata picha hajaiona. Tulia kwanza.

Tuanze na hii 50 inayowaliza wengi. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na inasema kwenye maeneo ya makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na kama gari ni zito kuzidi kilo 3,500 mwisho wake ni 80 hata huko nje ya makazi. Barabarani 50 inaanza pale penye kibao cha duara chenye mzunguko mwekundu, na inaisha pale penye kibao cha 50 iliyokatwa mstari. Sasa shida iko kati ya hivyo vibao viwili. Unakuta nyumba nne, kibanda cha nyanya, halafu shamba la mahindi, barabara imenyooka mbele hakuna gari, na mguu unazama wenyewe. Halafu mtu akikiona kile kibao cha kumaliza kwa mbali anakanyaga mafuta wakati bado mita 200 hajakifikia, na hapo ndipo wengi wanapopigwa. Kipite kwanza kibao ndio uongeze mwendo. Na kiukweli ukipita Mlandizi au Doma saa za shule kutoka, ukaona watoto wamepanga mstari na sweta zao wanasubiri kuvuka, hiyo 50 yenyewe utaiona kubwa.

Haya, umepigwa mkono, weka gari pembeni vizuri, washa hazadi, zima mziki, shusha kioo. Usishuke ukiwa umefura, na usianze kujitetea kabla hujaambiwa kosa. Salimia kama unavyomsalimia mtu yeyote aliye kazini, "habari za kazi afande". Ataomba leseni, mpe. Akikwambia umezidisha mwendo, usikatae wala usikubali, sema hivi kwa upole kabisa: "Sawa afande, naomba nione picha."

Kwa nini picha? Kwa sababu mara nyingi yule aliyekusimamisha sio yeye aliyekupiga tochi. Mwenye tochi yuko nyuma huko, wewe umeshampita bila hata kumuona, anapiga, picha inarushwa kwa WhatsApp kwa mwenzake aliye mbele, huyu anakusubiri. Yeye hakukuona ukikimbia, anachokijua ni kile kilichoko kwenye simu tu. Kwa hiyo hamna cha kubishana kati yako na yeye, mnachotakiwa kufanya ni kuisoma ile picha pamoja.

Na isome kweli, usiitupie jicho tu. Angalia namba ya gari herufi kwa herufi, angalia spidi iliyoandikwa, angalia tarehe, angalia saa. Saa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana kama picha inasema saa nane na dakika kumi na wewe saa nane na dakika kumi ulikuwa bado sheli unajaza mafuta na risiti unayo, basi pana maneno ya kuongea. Halafu angalia nyuma ya gari kwenye picha, kuna nini, nyumba, mti, daraja, ili ujue ni sehemu gani na kama ni ndani ya vile vibao viwili.

Nitawapa mfano uliyonikuta. Nimesimamishwa, afande ananiambia 74 kwenye 50, na mimi nina uhakika pale nilipita taratibu maana mbele yangu kulikuwa na lori la mbao limenichelewesha tangu mlimani. Nikaomba picha. Akanionyesha, gari nyeupe, muundo kama wa kwangu kabisa, jua limepiga kwenye pleti. Nikamwambia afande naomba uivute kidogo hapo kwenye namba. Akaivuta kwa vidole viwili, tukainama wote wawili juu ya kile kioo cha simu, yeye ameweka kofia kuzuia mwanga. Herufi ya mwisho kwenye picha ilikuwa B, ya kwangu D. Akaangalia pleti yangu, akarudi kwenye simu, akaangalia tena pleti. Akanirudishia leseni akaniambia nenda salama. Hakukuwa na ugomvi wowote, na sidhani kama alikuwa na nia mbaya, ni gari mbili nyeupe zimefuatana. Lakini nisingeomba kuiona ile picha ningelipa.

Sasa kama picha ni yako, namba ni yako, spidi umezidisha, kubali, usipoteze muda wa watu. Faini kwa gari ni 30,000 kwa kosa moja, bodaboda na bajaji wao walishushiwa mwaka 2021 wakawekwa 10,000. Zingatia neno "kosa moja", kwa sababu ukishasimama kwa ajili ya tochi utaulizwa na mengine, bima, triangle, mtungi wa kuzimia moto, tairi zitaangaliwa, na kila kosa linaweza kuandikwa peke yake. Ndio maana mimi nasema kabla ya safari hakikisha hivyo vitu vipo na vinafanya kazi, sio mtungi uliokaa chini ya siti tangu gari litoke bandarini.

Afande ataingiza taarifa zako kwenye kile kimashine cha POS na kikaratasi kitatoka. Kisome hapo hapo kabla hujaondoka. Namba ya gari iko sawa? Leseni ni yako? Kosa lililoandikwa ni lile mlilokubaliana au kuna lingine limeongezeka? Kiasi ni kile kile? Ukiona kuna kitu hakieleweki uliza muda huo huo kwa heshima, kwa sababu ukishafika kilomita mia mbele kurekebisha ni kazi nyingine kabisa. Halafu kipige picha kwa simu. Ile karatasi ni ya mashine, inafifia, ukiiweka juu ya dashibodi jua likiipiga siku mbili unabaki na karatasi nyeupe, na control number, ile namba ya kulipia, ndio imeondoka hivyo.

Kuna kitu kinachanganya watu wengi, hii kuitwa faini ya papo kwa papo. Maana yake unaandikiwa papo hapo, sio kwamba unatoa pesa taslimu papo hapo. Unapewa kikaratasi unaendelea na safari yako, una siku 7 za kulipa kwa control number, na hela inaingia serikalini moja kwa moja bila kupita mkononi kwa mtu. Kwa hiyo mtu akikwambia "toa kumi tuyamalize", ujue hiyo sio faini. Najua inavutia, kumi ni ndogo kuliko thelathini, lakini kisheria anayetoa na anayepokea wote wana kosa, na ukiomba kwa sauti ya kawaida tu "afande niandikie nitalipa kwa control number" mara nyingi maongezi yanaishia hapo. Ukiona unalazimishwa, TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wana namba ya bure 113. Mimi hili jambo linaniuma kwa sababu tunalalamika kila siku kuhusu rushwa barabarani na ni sisi wenyewe tunaoikunja ile noti ndani ya leseni.

Kulipa ni rahisi. Control number ni tarakimu 12, unaingia kwenye menyu ya mtandao wako, *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*01# kwa waliokuwa Tigo Pesa, unatafuta malipo ya serikali, unaweka namba, na kabla hujathibitisha soma kiasi. Ukikosea tarakimu moja unaweza ukalipa deni la mtu mwingine. Benki na mawakala wa benki nao wanapokea. Meseji ya malipo usiifute. Halafu baadaye ingia tms.tpf.go.tz, ambao ni mfumo wa polisi wenyewe, weka namba ya gari uone kama deni limeondoka. Link nyingine za "angalia faini hapa" zinazorushwa kwenye magrupu ya WhatsApp achana nazo, andika hiyo anuani kwa mkono wako.

Usiiache faini ilale. Siku 7 zikipita inaongezewa adhabu juu, kwenye ule mfumo utaona sehemu ya faini na sehemu ya adhabu zimetenganishwa.

Sasa na kama hukubaliani na kosa? Hapa wengi hawajui, utaratibu wa hii faini umejengwa juu ya wewe kukubali kosa. Kama hukubali una haki ya kusema hukubali na suala likaenda mahakamani, huko upande wa mashtaka ndio watatakiwa kuthibitisha. Usiseme kwa kutishia, sema "afande mimi kosa hili silikubali, naomba utaratibu wa mahakama". Lakini niwe mkweli, kama wewe unaishi Dar na umeshikwa Same, piga hesabu ya nauli na siku za kazi utakazopoteza. Mimi ningeenda kama nina ushahidi mkononi, dashcam inayoonyesha spidi, au picha kwamba kibao hakipo, kimeng'olewa au kimefunikwa na miti. Kama una neno lako tu dhidi ya picha iliyo wazi, lipa.

Lingine ni deni linalotokea kwenye gari lako na wewe hujawahi hata kusimamishwa. Hili ndilo nililosema limenikuta. Nimeangalia tu siku moja nikakuta 37,500, faini pamoja na adhabu yake, kosa la mwendokasi, mkoa ambao gari langu halijawahi kufika, na siku hiyo lilikuwa gereji limefunguliwa gearbox. Nadhani kuna mtu alikosea kuingiza herufi. Kosa kubwa ungelifanya hapa ni kulipa ili yaishe, maana ukishalipa umekubali. Nilichukua kopi ya kadi ya gari, risiti ya gereji yenye tarehe, nikaprinti ule ukurasa wa deni, nikaenda ofisi ya usalama barabarani ya mkoa ninaokaa, nikaeleza. Nilirudi mara mbili, mara ya kwanza mhusika hakuwepo, ya pili wakawasiliana na huko walikoandika, na baada ya siku kadhaa deni likatoka. Nenda mapema asubuhi na usiende bila karatasi, ukienda na mdomo tu utaambiwa urudi.

Na deni linafuata gari. Ukinunua gari mkononi, kabla hujatoa hela ya mtu iweke ile namba kwenye mfumo mkiwa mmekaa wote, kama kuna madeni ya tochi alipe yeye kwanza. Hivyo hivyo ukimuazima shemeji gari aende msibani Tanga, akirudi muulize kama ameandikiwa, na hata akisema hapana angalia mwenyewe.

Mimi kila nikitaka kusafiri naangalia usiku wa kuamkia safari, dakika mbili hazifiki. Nikikuta kitu nalipa usiku huo huo, kwa sababu trafiki akiingiza namba yako kwenye mashine deni la zamani likatokea anaweza kukuweka pembeni mpaka ulipe, na pale porini kabla ya Ruaha Mbuyuni mtandao unakuja na kukata, salio halisomi, na watoto siti ya nyuma wanauliza tutafika saa ngapi.