Kabla ya moto kichaa: maandalizi ya kiangazi kwa wakazi wa kando ya misitu ya Mwanza

Masika yakiisha mwezi Mei, nyasi za huku kwetu hazichukui muda kukauka. Kuanzia Juni hadi mvua za vuli zianze, mara nyingi Oktoba, kuna kitu cha kuungua kila upande: vichaka vya vilimani, mafunjo yaliyokauka kwenye vinamasi vya kando ya ziwa, ngitili, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa ajili ya mifugo, na mashamba makubwa ya miti kama Buhindi upande wa Buchosa na Rubya kule Ukerewe. Maandalizi ya maana hufanyika Mei na Juni, nyasi zikiwa bado zinakatika kwa fyekeo bila kutoa cheche. Anayesubiri aone moshi ndipo atafute panga amechelewa.

La kwanza kulijua ni upepo, na naomba tulikalie hili kwa sababu ndilo linaloumiza watu wengi wa mwambao. Mchana ardhi hupata joto haraka kuliko maji ya ziwa. Hewa ya nchi kavu inapanda, na ile ya baridi kutoka ziwani inaingia kushika nafasi yake. Usiku inakuwa kinyume: ardhi inapoa haraka, na upepo unatoka nchi kavu kwenda majini. Juni hadi Agosti kuna pia upepo wa kusini-mashariki unaouongezea nguvu huo wa nchi kavu hadi asubuhi. Kwa hiyo, kwa sisi wa kusini mwa ziwa, moshi wa saa mbili asubuhi mara nyingi unaelekea majini, na watu wanatulia wakisema moto utajifia wenyewe ufukweni. Ikifika saa tano au saa sita hewa inatulia kidogo, halafu nyasi zinaanza kulalia upande wa pili. Hapo ule mgongo wa moto, upande wa nyuma uliokuwa unajikongoja, unakuwa ndio kichwa kinachokimbia mbele, na ubavu mrefu uliokuwa haujazimwa unaanza kukimbilia makazi na mashamba. Wanaokuwa wamesimama nyuma ya moto wakiamini wako salama ndio wanaokutwa.

Basi kabla ya kiangazi, kaa uangalie eneo lako kwa siku kadhaa. Moshi wa jikoni unaelekea wapi asubuhi? Unageuka saa ngapi? Andika, waambie na wengine nyumbani. Na ukiwa unakabili moto wenyewe, ile saa ya utulivu wa katikati ya siku usiichukulie kuwa nafuu. Ondoa watu walioko kati ya moto na nyumba, simameni mahali palipokwisha kuungua au penye udongo mtupu, kisha msubiri muone upepo unakuja na nini.

Mlima nao una kanuni yake. Kwa kipimo wanachotumia wazima moto wa misituni, kila nyuzi 10 za mwinuko zinaongeza kasi ya moto karibu mara mbili. Vilima vyetu vina mawe makubwa, na mtu hudhani mawe ni kinga. Jiwe tupu kweli haliungui, lakini ule mwanya wenye nyasi kati ya jiwe na jiwe hufanya kazi kama dohani: unavuta moto juu kwa nguvu. Usipande mwanya huo kukimbia moto ulio chini yako. Toka kwa ubavu.

Sasa nyumba. Mita zile chache zinazoizunguka ndizo zinazoamua. Fyeka nyasi hadi udongo uonekane, ondoa rundo la kuni lililoegemea ukuta, kwangua majani yaliyojaa juu ya paa na kwenye mifereji ya kuvunia maji. Paa la nyasi linashika kwa cheche moja iliyoruka kutoka mbali, kwa hiyo nyumba ya namna hiyo inahitaji uwazi mkubwa zaidi na ndoo za maji zilizojaa muda wote wa kiangazi. Kwenye kambi za wavuvi hali ni mbaya kuliko vijijini: vibanda vya nyasi vimebanana, kuna moto wa kukaushia samaki, na madumu ya petroli ya injini yako ndani kando ya kitanda. Petroli ihamishiwe sehemu moja yenye kivuli, mbali na vibanda na mbali na moto wa kukaushia. Hili halihitaji fedha, linahitaji watu wa mwalo kukubaliana tu.

Kwenye shamba au ngitili, zungushia mkuza wa kuzuia moto, yaani ukanda usio na nyasi. Upana unategemea urefu wa nyasi: nyasi za kiunoni zinataka mkuza mpana kuliko nyasi za kifundoni, na upande unaotazama ziwa upanuliwe zaidi kwa sababu ndiko upepo wa mchana utakakotokea. Lima, usifyeke tu. Nyasi iliyofyekwa na kuachwa chini inageuka kuwa utambi.

Kuhusu kuchoma shamba kwa makusudi, msimamo wangu ni kwamba palipo na njia nyingine, usichome. Mabua na majani yakilazwa kati ya mistari yanatunza unyevu na kulisha udongo. Lakini najua mabaki ya pamba huchomwa kuua wadudu, na wafugaji wanatafuta majani mapya. Ikibidi, mambo haya yatangulie. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inazuia kuchoma uoto kiholela, na vijiji vingi vina sheria ndogo zao. Pita kwa mtendaji wa kijiji upate ruhusa, na ukipakana na msitu wa Serikali wajulishe watu wa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Waambie majirani siku na saa. Choma vifungu vidogo vidogo, jioni upepo wa ziwa ukishakata, kuanzia saa kumi na moja hivi, ukiwa na watu na maji. Wengi hupenda asubuhi kwa sababu kuna umande, ila asubuhi mtu anachoma, anaondoka kwenda sokoni, na upepo wa saa sita unakuta makaa. Ukichoma jioni unao usiku na alfajiri nzima ya kulinda na kuzima kabla upepo haujarudi. Kukiwa na upepo siku hiyo, ahirisha. Warina asali na wachoma mkaa nao wanahusika: mwenge wa kufukizia nyuki uzimwe kwenye maji, usitupwe, na tanuru lisiachwe bila mtu.

Vifaa si vya kigeni. Bomba la kupulizia dawa ya pamba, likisafishwa vizuri mpaka lisibaki na harufu ya sumu, linabeba maji ya kutosha kuzima kingo za moto mdogo. Ongeza majembe, mapanga, reki na matawi mabichi ya kupigia. Mavazi yawe ya pamba, mikono mirefu, na viatu vya ngozi. Nguo za nailoni zinayeyuka na kugandia kwenye ngozi. Pangeni mapema nani anapiga yowe, nani anapiga simu, nani anabaki na watoto na wazee. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji vya Usukumani, wanajua kukusanya watu kwa mwano, yaani yowe la kuitana. Wahusishwe mapema, kabla ya moto.

Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Ukipiga, taja kijiji, alama inayojulikana kama shule au kanisa, moshi unaelekea wapi, na kama gari linafika. Kwa wenzetu wa Sengerema na Buchosa, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa 2025 limeondoa kungojea kivuko upande ule. Ukerewe bado ni maji, na saa za mwanzo wenyeji watakuwa peke yao. Na hata barabara ikiwepo, gari halipandi kilimani. Moto wa Mlima Kilimanjaro ulioanza Oktoba 11, 2020 ulihitaji mamia ya watu waliopanda kwa miguu, na Oktoba 2022 mlima ukaungua tena. Miezi hiyo haikuja kwa bahati: mwisho wa kiangazi ndio wakati kila kitu kimekauka kabisa.

Kama mnaishi ufukweni, mpango wa kutoka kwa mtumbwi ni mzuri, ila upangwe. Moto wa usiku hutuma moshi majini, na nahodha haoni mbele. Jaketi okozi ziwe karibu. Chombo kisijazwe kupita uwezo hata watu wakiwa na hofu; Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimezidisha abiria, na zaidi ya watu 200 wakafa wakiwa karibu na gati. Watoto na wajawazito waondoke kwanza, mapema, moto ukiwa bado mbali. Vyeti na fedha viwe kwenye mfuko mmoja wa plastiki karibu na mlango.

Mtu akiungua, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, vua pete na bangili kabla hajavimba, funika kwa kitambaa safi, mpeleke kituo cha afya. Dawa ya meno, mafuta, unga na yai vinaongeza madhara. Aliyevuta moshi mwingi apelekwe hata akisema yuko sawa.

Limebaki lile ambalo watu huliacha kwa uchovu: kulinda eneo baada ya miali kuzimika. Kwenye mipaini moto huingia kwenye tabaka la majani yaliyooza na kwenye mizizi, ukafukuta siku kadhaa bila moshi wa kuonekana. Pita ukingo wote wa palipoungua, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila kisiki bila kukigusa. Ukihisi joto, chimbua, mwaga maji, changanya na udongo, kisha jaribu tena. Anza na ukingo unaotazama nchi kavu, kwa kuwa ndiko upepo wa mchana utakakosukuma cheche, na hakikisha umemaliza kabla ya saa tano. Pangeni zamu ya kurudi kesho yake na keshokutwa, saa zilezile, hadi mvua inyeshe ya kulowesha udongo.