Kurudisha gari jipya bovu Texas: barua niliyoituma pasipo pake

Kwetu limau ni la kukamulia mishkaki. Huku Marekani limau ni gari jipya lenye ubovu usiokwisha, linalolala gereji kuliko kwako, na sheria inayomlinda mnunuzi wake inaitwa hivyohivyo: sheria ya limau.

Langu lilikuwa na ugonjwa wa giaboksi. Likifika maili 45 kwa saa linakata nguvu, linatulia kama linatafakari, halafu linakurusha mbele. Nimemalizana na kiwanda mwezi uliopita baada ya miezi kumi ya nenda rudi. Kama ningejua haya ninayoandika hapa ingekuwa mitano.

Ninayoyasema ni ya Texas. Kila jimbo lina sheria yake, ya kwanza kabisa ikiwa ya Connecticut mwaka 1982, na tarehe na hesabu hazifanani. Wewe wa Ohio au Minnesota soma kwa faida, kisha tafuta ya kwenu.

Ofisi inayohusika ni Idara ya Magari ya Texas, TxDMV, yenye makao makuu Austin. Siyo DPS ulikochukulia leseni, wala ofisi ya kodi ya kaunti unakolipia usajili. Namjua ndugu mmoja aliyepanga foleni ya leseni tangu alfajiri akiwa na bahasha ya gari bovu kwapani. Alirudi nayo.

Gari lako linaingia?

Milango ni mitatu, na unahitaji mmoja tu. Yote inapimwa ndani ya miezi 24 ya kwanza au maili 24,000 za kwanza, chochote kitakachotangulia. Wa kwanza: umelipeleka kwa muuzaji mara nne kwa tatizo lilelile na bado lipo. Wa pili: mara mbili zinatosha kama tatizo ni la kuhatarisha maisha, yaani linakufanya ushindwe kulimudu gari au linaweza kuwasha moto. Wa tatu: gari limekaa gereji jumla ya siku 30, hata kama si mfululizo, na hukupewa jingine la kulingana nalo la kutumia.

Tatizo lenyewe liwe ndani ya waranti ya kiwanda na liwe zito kiasi cha kupunguza matumizi ya gari au thamani yake. Redio inayokwaruza haitakufikisha popote. Vilevile ukiwa umeligonga, umelitelekeza bila kumwaga oili, au umelibadilisha mwenyewe likaharibika kwa sababu hiyo, usijisumbue. Gari la mkononi ambalo waranti ya kiwanda bado inaishi linaweza kukupatia amri ya kutengenezewa, lakini siyo ya kurudishiwa hela.

Neno lako moja, kila safari

Hapa ndipo nilipoanza kuungua. Ukifika gereji ya muuzaji unapokewa na kijana mwenye tabasamu na kompyuta. Unachomwambia anakiandika kwenye karatasi ya matengenezo, na karatasi hiyo ndiyo kesi yako. Unachojua moyoni hakimo kwenye kesi.

Safari ya kwanza nilimwambia, kwa Kiingereza changu, kwamba gari linasita. Akaandika kuwa ni zito kuondoka. Ya pili nikasema linashtuka. Ikaandikwa mtikisiko, wakabalansi matairi. Ya tatu nikasema linavuta, maana lilikuwa linanivuta mbele na nyuma kama daladala inayoendeshwa na mwanafunzi. Wakafanya alaimenti. Ya nne ndipo giaboksi ikatajwa kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kwenye karatasi nilikuwa na magonjwa manne ya mara mojamoja, siyo ugonjwa mmoja wa mara nne. Ikabidi nianze kuhesabu karibu upya.

Kaa nyumbani uandike sentensi moja ya Kiingereza. Mwombe mtoto wako anayesoma huku aikague. Yangu ilikuja kuwa hivi, kwa Kiswahili: gari linapoteza nguvu lenyewe likiwa kati ya maili 40 na 50 kwa saa, kisha linaruka mbele bila mimi kukanyaga mafuta. Iprinti, mpe yule kijana, mwambie ainakili ilivyo. Kila safari sentensi hiyohiyo, usiipambe. Kabla ya kusaini soma alichoandika. Kama ameifupisha mwambie aiandike upya, hata kama nyuma yako kuna watu watano wanaoguna.

Na kama tatizo linakukuta barabara kuu, sema hivyo. Gari linalokata nguvu katikati ya malori ya magurudumu kumi na nane linaweza kuingia kwenye ule mlango wa mara mbili. Mimi kwa aibu ya kuonekana nalalamika sana nilitumia neno "linasita", kana kwamba gari lina haya.

Wakikurudishia wakasema hawakuona tatizo, usiondoke mikono mitupu. Safari hiyo ni safari kama nyingine, ilimradi karatasi ipo: siku lilipoingia, siku lilipotoka, maili lilizoingia nazo. Muuzaji wangu safari moja alitaka kunipa funguo tu, eti hawakugusa kitu hivyo hakuna cha kuandika. Nikakaa kwenye kochi lao, nikanywa kahawa yao mpaka karatasi ikatoka.

Halafu kuna suala la fundi wetu. Tumezoea. Nyumbani gari limetoka Japani na miaka yake kumi, waranti yake ni fundi wa mtaani, na fundi huyo hashindwi. Mimi pia, lilipoanza kusumbua kwenye maili 2,500, nililipeleka kwanza kwa mwenzetu anayetengenezea kwenye maegesho ya apatimenti. Nilimpa dola 60. Hiyo haikuhesabika kama safari, na ikamfanya wakili wa kiwanda aulize mara tatu fundi huyo aligusa nini. Gari lenye waranti lipeleke kwa muuzaji tangu siku ya kwanza. Sababu ya kihesabu nitaieleza chini.

Kingine kinachosaidia: ingia tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya serikali kuu. Mbali na magari yanayoitwa kurudi kiwandani, huwa wanaweka nyaraka ambazo viwanda huwatumia mafundi wao kuhusu matatizo yanayojulikana. Nilikuta moja inayoeleza ugonjwa wangu kama vile iliandikwa na mtu aliyekaa kiti cha nyuma. Printi, weka kwenye faili.

Barua

Sheria inataka kabla idara haijakupa amri yoyote, uwe umekipelekea kiwanda barua ya kueleza kasoro, na kiwanda kiwe kimepewa nafasi ya kuitengeneza. Sentensi fupi. Mimi ilinila karibu wiki saba.

Nilimwandikia muuzaji. Akilini mwangu muuzaji na kiwanda ni kitu kimoja: nembo ileile ukutani, fulana zenye nembo ileile. Meneja akaipokea barua kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kuwa mteja mwema, akasema ataifanyia kazi. Nikasubiri wiki tatu. Nikapiga simu kwenye namba ya huduma kwa wateja ya kiwanda, nikapewa namba ya kumbukumbu yenye tarakimu nyingi, nikatulia nikiamini sasa kiwanda kinajua. Nikajaza malalamiko. Nikaulizwa: nakala ya barua uliyopeleka kiwandani iko wapi? Sikuwa nayo. Muuzaji siyo kiwanda. Simu siyo barua. Ile namba ndefu ilikuwa pambo.

Anwani ya kiwanda iko kwenye kijitabu cha waranti, kile kilichofungwa kwenye nailoni ndani ya kabati la dashibodi ambacho hakuna aliyewahi kukifungua. Andika ukurasa mmoja: namba ya chesisi, tarehe uliyonunua, maili za sasa, ile sentensi yako, orodha ya tarehe za gereji, na kwamba unawapa nafasi ya kulitengeneza. Usitukane. Ipeleke Posta kwa rejista na uombe kadi ya kijani, ile inayokurudia ikiwa na sahihi ya aliyepokea. Sheria inataka barua tu. Kadi ni ya kukulinda siku atakapotokea mtu wa kusema haikufika. Unaweza kuituma hata baada ya safari ya pili ya gereji, huna haja ya kungoja ya nne. Laiti ningejua.

Watakujibu kwamba wanataka kulijaribu mara moja ya mwisho. Kubali. Mimi walimleta mtaalamu wao, gari likakaa siku tisa, likarudi limeoshwa vizuri sana na ugonjwa wake uleule.

Kujaza

Fomu yenyewe haina ugumu, unaijaza mtandaoni au kwa karatasi, ada dola 35. Ambatisha mkataba wa kununua, karatasi zote za matengenezo kwa mpangilio wa tarehe, barua na ile kadi. Wakili si lazima.

Kinachoua watu ni muda. Mwisho wa kufungua malalamiko ni miezi sita baada ya kile kitakachotangulia kati ya vitatu: waranti kuisha, miezi 24 kutimia, au maili 24,000 kutimia. Watu wanasikia "miaka miwili" wanalala. Wengi wetu hapa Houston na Dallas tunaendesha mbali. Ukitimiza maili 24,000 ndani ya miezi minane, mlango wako unafungwa mwezi wa kumi na nne, siyo wa thelathini. Andika leo kwenye kalenda. Aliyechelewa bado ana sheria ya waranti ya serikali kuu ya mwaka 1975, ila hiyo ni ya mahakamani, na huko utamhitaji wakili.

Katika muda wote huu endelea kulipa mkopo. Benki haina habari na giaboksi yako.

Shauri

Kwanza kuna usuluhishi. Kiwanda kilinipa ofa ya kuniongezea waranti. Nikawauliza, niongezewe muda wa kulileta gereji? Ikashindikana, tukaenda kusikilizwa.

Mwamuzi anasikiliza kama hakimu ila bila joho. Unaapishwa, unaeleza, unaulizwa. Nenda na mtu aliyewahi kupanda gari likafanya vituko mbele yake. Mimi nilikwenda na shemeji yangu, ambaye alisimulia kwa ufupi kuliko mimi na nadhani ndiye aliyeaminiwa. Mara nyingi mwamuzi huliendesha gari mwenyewe. Siku hiyo langu lilitulia kama mwali wa ndani, maili kumi bila hata kujikuna. Nikaloa jasho. Kilichoniokoa ni video ambazo mke wangu alizichukua akiwa kiti cha abiria, dashibodi na saa vikionekana. Usirekodi huku unaendesha.

Siku 150 zikipita tangu ufungue malalamiko bila uamuzi, una haki ya kwenda mahakamani. Yangu haikufika huko.

Hela

Unaweza kuamriwa gari jingine, kununuliwa tena hilo ulilonalo, au kutengenezewa. Niliomba linunuliwe. Wanarudisha bei pamoja na kodi na ada za usajili. Riba ya mkopo na bima hazimo. Risiti za kuvutwa na za magari ya kukodi peleka zote, zinaweza kulipwa, na ile dola 35 pia.

Kisha wanakata matumizi. Gari huhesabiwa kuwa na maisha ya maili 120,000. Maili ulizotembea kabla ya kuripoti tatizo mara ya kwanza hukatwa zote. Za baada ya hapo mpaka siku ya shauri hukatwa nusu. Langu: dola 36,000, niliripoti kwenye maili 4,000, shauri likasikilizwa kwenye 19,000. Maili 4,000 zikanikata dola 1,200. Maili 15,000 zilizofuata, kwa nusu, dola 2,250. Jumla 3,450. Kama ningelipeleka kwa muuzaji siku lilipoanza kwenye maili 2,500, makato yangekuwa 3,225. Kwa hiyo yule fundi wetu wa maegesho hakunigharimu 60, alinigharimu 285, na bado namsalimia.

Hundi ilitoka kwa majina mawili, langu na la benki, na benki ilichukua fungu lake kwanza. Siku ya kukabidhi wanakagua gari na kusoma maili, unasaini, unatoa funguo zote mbili. Ondoa vitu vyako. Mimi niliondoa kiti cha mtoto, mwavuli na kijitabu cha waranti, nikasahau kibandiko cha barabara za kulipia kwenye kioo cha mbele. Limau limeshapita vituo vinne vya malipo kwa akaunti yangu, na kesho asubuhi ndiyo napiga simu kukifunga.