Bodi ya droni imepoteza kipande: jinsi ya kukitambua na kukirudishia

Droni ya FPV (inayorushwa kwa kutazama picha ya kamera yake) ikijibamiza kwenye mti au ukuta, kapasita (kinachohifadhi chaji) na rezista (kinachozuia umeme) za pembezoni mwa bodi ndizo hung'oka kwanza. Kurudishia kimoja si kazi kubwa, fundi simu anafanya kazi ya namna hiyo kila siku. Kazi ni kujua kilichokuwepo kilikuwa nini. Mpaka ulijue hilo, usichomeke betri wala USB.

Sababu ya katazo hilo ni hii. Sakiti inayoshusha umeme wa betri hadi volti 5 hujipima kwa rezista mbili ndogo. Ya juu (ya upande wa volti 5) ikiwa haipo, sakiti inadhani umeme ni mdogo na inaupandisha mpaka ukaribie ule wa betri. Ukichomeka betri ya 4S (seli nne), risiva, kamera na GPS zilizotarajia volti 5 zinapata karibu 16. Rezista ya shilingi chache inaondoka na vifaa vyote.

Kwanza hakikisha kweli kuna kilichopotea. Watengenezaji huacha pedi (vituo vya shaba vya kulehemia) wazi makusudi, kwa ajili ya toleo jingine la bodi ile ile. Pedi iliyoachwa wazi kiwandani ina lehemu iliyotulia, laini, na pedi zote mbili zinafanana. Palipong'oka kitu utaona lehemu iliyochanika, pengine na mabaki ya kauri yameganda juu yake. Safisha kwa pombe ya isopropili ya asilimia 99 na mswaki laini, tazama kwa lenzi, kisha linganisha na picha kubwa ya bodi hiyo kwenye ukurasa wa muuzaji. Picha inakuonyesha na rangi: kapasita ya kauri ni ya kahawia na haina maandishi; rezista ina mgongo mweusi, na ya saizi 0603 mara nyingi imeandikwa namba. 103 ni 10k (omu 10,000), 102 ni 1k, 220 ni omu 22. Saizi ya 0402, yenye mm 1.0 kwa 0.5, kwa kawaida haina namba yoyote.

Sasa weka multimita kwenye mlio (kipimo cha muunganiko), ncha moja kwenye graundi (upande hasi wa betri), nyingine kwenye kila pedi. Pedi moja ikilia na nyingine ikaenda kwenye njia ya umeme, kilichopotea karibu hakika ni kapasita. Kisha angalia jirani zake, maana thamani inatokana na mahali:

- Kando ya miguu ya umeme ya prosesa: kapasita ya nF (nanofaradi) 100. Bodi inaweza kuwaka bila moja, lakini itakuwa na tabia za ajabu ajabu.
- Prosesa ya STM32F405 ya miguu 64, mguu wa 31 na wa 47: µF 2.2 kila mmoja. Hizi zinahudumia umeme wa ndani wa chipu. Ikikosekana, chipu inaweza isiwake kabisa, na kompyuta haitaona USB, hivyo watu huhukumu kwamba prosesa imekufa kumbe nzima.
- Gairo (kipima mzunguko wa droni) ya MPU6000: mguu wa 10 una nF 100, wa 20 una nF 2.2 ya volti 50. Usichanganye hizi mbili.
- Njia za data za USB: mara nyingi rezista ya omu 22, moja kila njia.
- Kristali ya 8 MHz (inayoipa prosesa mapigo ya saa): kapasita mbili zinazolingana, kwa kawaida kati ya pF 10 na 20. Moja ikiwa ipo, itoe, ipime, uweke nyingine kama hiyo.

Kipimo cha betri kinastahili neno lake. Bodi nyingi hutumia 10k juu (upande wa betri) na 1k chini (upande wa graundi); ndiyo sababu Betaflight (programu inayoendesha droni hizi) huja na vbat_scale (kipimio cha kusoma betri) ya 110. Ya juu ikipotea, skrini inaonyesha sifuri na hakuna kinachoungua. Ya chini ikipotea, umeme wa betri unapita kwenye 10k moja kwa moja hadi kwenye mguu wa prosesa uliozoea volti 3.3.

Kwenye ESC ya nne-kwa-moja (bodi inayoendesha mota zote nne) una bahati: sakiti ile ile imerudiwa mara nne, mara nyingine ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Tafuta mwenzake kwenye mota ya jirani. Rezista unaweza kuipima ikiwa bado kwenye bodi, lakini kumbuka mita itasoma thamani halisi au pungufu, kwa sababu umeme unapata njia nyingine za kupita. Kapasita haipimiki hivyo. Itoe ya jirani, ipime ikiwa peke yake, irudishe. Rezista zilizo karibu na geti (miguu ya kuamrisha) za mosfeti (swichi za umeme wa mota) usizikisie hata kidogo: geti isiyo na rezista ya kuivuta chini inaweza kuiacha mosfeti ikiwa imewashwa, mosfeti za juu na chini zikapitisha kwa pamoja, na moshi ukafuata.

Kipuri utakipata kwenye bodi mbovu. Mafundi simu wa Kariakoo (Dar es Salaam) au Luthuli (Nairobi) wana makopo yaliyojaa bodi za kuchinja. Ila kapasita ya simu mara nyingi ni ya volti 6.3, kwa hiyo inafaa upande wa volti 3.3 tu. Upande wa betri nunua mpya: ya volti 35 kwa 4S, volti 50 kwa 6S ambayo ikijaa ni volti 25.2. Mota zikifunga breki ghafla umeme huruka juu ya hapo, tena kapasita ya kauri hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake ikikaribia volti zake za mwisho.

Kulehemu kwenyewe: chuma chenye ncha nyembamba kwenye nyuzi 350, waya wa lehemu wa 63/37 wenye unene wa mm 0.5 au chini, na fluksi (dawa ya kusaidia lehemu kushika) ya kutosha. Kwangua vanishi ya kuzuia maji kama ipo. Nyonya lehemu ya zamani kwenye pedi zote mbili kwa utepe wa shaba, kisha weka tone dogo kwenye pedi moja tu, ile isiyo ya graundi. Shika kipande kwa kibanio, yeyusha tone, kisukume ndani mpaka kilale bapa, ondoa chuma, ngoja kigande ndipo uachie kibanio. Baada ya hapo lehemu upande wa graundi. Huo utakuwa mgumu kuyeyuka, maana tabaka za shaba za ndani zinanyonya joto. Usikandamize kapasita kwa chuma ili kulazimisha. Kauri inapata ufa usioonekana, na ufa huo unageuka shoti siku nyingine hewani. Pasha bodi kwa chini na bloa (mashine ya hewa ya moto) hadi karibu nyuzi 150, lehemu itakubali. Ukiamua kutumia bloa kwa kazi yote, weka nyuzi 330 na upepo wa chini kabisa, la sivyo utawapeperusha na majirani. Soketi za plastiki na gairo zifunike kwa utepe wa Kapton (unaostahimili joto).

Pedi ikiwa imeng'oka pamoja na kipande, kwangua rangi ya kijani juu ya njia yake mpaka upate mm 1 ya shaba, unganisha kwa waya wa koili wa mm 0.1, na ufunike kwa rangi inayokauka kwa mwanga wa UV. Kama njia imezama ndani ya tabaka, bodi hiyo iweke kwenye kopo la kuchinja.

Kabla ya umeme, pima omu kati ya graundi na 3.3, kati ya graundi na 5, na kati ya graundi na betri. Namba ikipanda taratibu ni kapasita zinajaa. Ikiganda kwenye omu moja au mbili, kuna shoti. Kisha USB: volti 3.3 zipatikane, na chipu isiunguze kidole. Mwisho betri, propela zikiwa zimetolewa, kupitia taa ya gari ya volti 12 wati 21 iliyounganishwa kwa mfululizo. Kwa 6S tumia mbili zikifuatana. Taa imulike kidogo na kuzima. Ikibaki inawaka, chomoa.

Mota zijaribu moja moja kwenye Betaflight, kwa nguvu ndogo. Zikiitika, safisha fluksi yote na urudishe vanishi, ila barometa yenye kitundu juu usiipake, kwa sababu ikizibwa haitasoma tena mwinuko.