Kabla hujabeba antena kwenda nayo nje

Ukitaka kwenda porini au mlimani na redio yako ya ridhaa, ile ya kuongea na watu wa mbali kama hobi, usianze kuuliza antena ipi kali, jiulize kwanza unaenda wapi na unataka kuongea na nani, maana wengi wananunua afu wakifika huko ndo wanagundua hakuna hata mti wa kuning'inizia waya.

Kama miti ipo, waya tu unatosha kabisa. Dipoli ya nusu wimbi, yaani waya wa pande mbili sawa unaoungwa kebo katikati, hesabu yake ni rahisi, chukua 143 gawa kwa masafa kwa megahezi unapata urefu kwa mita, kwa hiyo kwenye megahezi 14.2 ni kama mita 10, kila upande 5, ila ukishuka mpaka 7.1 ni mita 20 na hapo nafasi inaanza kuwa shida. Kama una sehemu moja tu ya kufungia juu, kuna ule waya unaoungwa ncha moja badala ya katikati, wapanda milima wanaupenda sana, ila usiuchomeke kwenye redio hivihivi, unataka transfoma ya kuulinganisha na redio, mara nyingi ile ya 49 kwa 1.

Kimo nacho watu wanakidharau. Dipoli ya bendi ya mita 40, yaani ile ya megahezi 7, ukiifunga mita 4 tu kutoka chini, mawimbi mengi yanapanda juu wima na kurudi, unasikika vizuri kwa watu walio ndani ya kilomita mia kadhaa, ila wa mbali sana utawasikia kwa shida. Ukiwataka hao, ipandishe au weka antena ya kusimama.

Sasa hiyo ya kusimama, robo wimbi, ni mita 5 hivi kwa bendi ya mita 20 (megahezi 14), na inahitaji nyaya za kutandaza chini. Mimi siku moja nilizisahau nyumbani, nikabaki napasha udongo joto tu, hakuna aliyenijibu. Zile fupi za koili ni nyepesi kubeba kweli lakini zinakula nguvu, na kama redio yako ni ya wati 5 hiyo nguvu huna ya kuchezea.

Kebo ya kutoka kwenye redio hadi antena, nyembamba kama RG-174 sawa kwa mita chache, ikiwa ndefu beba RG-58 ambayo ni nene zaidi.

Antena isimamishe nyumbani kwanza, pima SWR, kipimo cha nguvu inayorudi kwenye redio badala ya kutoka, ikiwa chini ya 2 ondoka nayo. Kaa mbali kabisa na nyaya za umeme, radi ikianza kunguruma chomoa kebo na uondoke hapo. Na kamba beba mbili, ya kwanza huwa inanasa mtini.