Kusoma MRI ya saratani ya rektamu hatua kwa hatua

Picha haithibitishi saratani. Kinachothibitisha ni kinyama kilichokatwa kwenye kolonoskopi (kipimo cha kamera inayoingizwa kwenye utumbo mpana) na kupimwa maabara. Sisi wa radiolojia tunaulizwa jambo jingine: uvimbe umefika wapi, na je, daktari wa upasuaji anaweza kuutoa wote? Haya ni kwa wanaoanza kusoma MRI (picha za mashine ya sumaku) ya rektamu, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Sehemu nyingine za utumbo mpana hupimwa zaidi kwa CT (eksirei ya vipande).

1. Soma ripoti ya kolonoskopi kwanza. Tafuta umbali wa uvimbe kutoka mlango wa haja kubwa. Angalia pia kama kamera ilifika mwisho. Ikiwa uvimbe uliziba njia, utumbo wa juu haujaonekana, na huko huenda kuna uvimbe wa pili.

2. Hakikisha vipande vimekatwa sawasawa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Unahitaji picha za T2 (aina ya picha za MRI ambayo mafuta huonekana meupe) zenye vipande vya milimita 3 au pungufu, bila kuzima ishara ya mafuta. Dawa ya kontrasti si lazima. Anza na picha za ubavuni, uone mhimili wa uvimbe, kisha panga vipande viukate kwa nyuzi 90. Ni kama kukata mwanzi: ukiukata mshazari, ukuta wake huonekana mnene kuliko ulivyo. Uvimbe ambao bado uko ndani ya misuli utaonekana umevuka, na mgonjwa anaweza kupewa tiba ya mionzi asiyoihitaji. Rektamu hupinda, kwa hiyo uvimbe mrefu huenda ukahitaji pembe mbili. Picha zilizokatwa vibaya mimi huomba zirudiwe, hata fundi wa mashine akinuna.

3. Pima kina. Hapa T1, T2 na T3 ni hatua za uvimbe kuingia kwenye ukuta, si aina za picha. Misuli ya ukuta ni mstari mweusi. Ukiwa mzima, uvimbe ni T2 au chini ya hapo. MRI haitenganishi vizuri T1 na T2. Rangi ya kijivu ya uvimbe ikipenya hadi kwenye mafuta, ni T3: andika milimita ngapi kupita misuli. Kupita milimita 5 hubadilisha sana matarajio ya mgonjwa. Nyuzi nyembamba nyeusi zinazochomoza kwenye mafuta zinaweza kuwa kovu tu. Usipoteze nusu saa ukibishana na nafsi yako kuhusu T2 na T3 ya mwanzo, maana matarajio ya wagonjwa hao yanakaribiana.

4. Tafuta ukingo. Mafuta yanayoizunguka rektamu yamefungwa na utando, mstari mweusi mwembamba sana. Upasuaji unaofuata utando huo, ambao daktari wa upasuaji Bill Heald na wenzake wa Uingereza waliueleza mwaka 1982, huitoa rektamu pamoja na mafuta yake yote kama kifurushi kimoja. Pima umbali mfupi kabisa kati ya uvimbe na utando. Ukiwa milimita 1 au pungufu, ukingo uko hatarini, na mara nyingi mgonjwa huanza na mionzi na dawa kabla ya kisu. Taja mahali kwa uso wa saa, 12 ikiwa mbele. Namaanisha namba iliyoandikwa kwenye saa, si saa tunayoitamka. Vinginevyo mbele itageuka nyuma.

5. Fuata mishipa ya vena nje ya ukuta. Ikiwa imevimba na kujaa kijivu badala ya weusi wa damu inayotiririka, iandike waziwazi. Hatari ya ugonjwa kusambaa mbali imeongezeka.

6. Tezi za limfu. Ukubwa peke yake hudanganya. Tezi yenye upana wa milimita 9 au zaidi inatiliwa shaka. Zilizo ndogo zaidi zihukumu kwa umbo la mviringo, kingo zilizochakaa na rangi isiyo sawa.

7. Toka nje ya nyonga. CT ya kifua na tumbo yenye kontrasti hutafuta ugonjwa kwenye ini na mapafu. Doa dogo la ini lisiloeleweka, lipeleke MRI ya ini. PET (picha za sukari yenye mionzi, ambayo uvimbe huifyonza na kuwaka) si ya kila mgonjwa, na uvimbe wenye ute mwingi huenda usiwake vizuri.

8. Baada ya mionzi, rudia kwa pembe zilezile. Kovu huwa jeusi kwenye picha za T2, mabaki ya uvimbe huwa ya kijivu. Ongeza picha za difyusheni, zinazoonyesha jinsi maji yanavyosogea ndani ya tishu: mabaki hung'aa kwenye picha yenyewe na kuwa meusi kwenye ramani ya ADC, inayokokotolewa kutoka picha hizo. Picha za T2 na za difyusheni zisipokubaliana, usiandike kwamba uvimbe umekwisha. Omba daktari aangalie kwa kamera.