Kabla Hujaimwaga XML ya Watu Kwenye Programu Yako

Kama umepewa kazi ya kusoma mafaili ya XML (maandishi ambayo kila taarifa imezungushiwa jina lake ndani ya alama ziitwazo tagi) na kuyageuza kuwa rekodi ndani ya programu yako, soma haya kabla hujagusa kibodi. Mimi niliyajua baadaye, hapa Malindi, baada ya kuandikia chama cha wavuvi programu ya kusoma mafaili ya malipo ya kila wiki kutoka kwa mnunuzi wa samaki wa Mombasa, mbele ya wazee watatu waliokaa kwenye benchi sokoni kwa samaki wakisubiri niwaeleze pesa zao zimekwenda wapi.

Kwanza, omba faili halisi. Usikubali mfano wa mistari kumi uliotungwa na mtu wa ofisini, wenye majina mazuri na hesabu zinazoishia na sifuri. Omba la wiki iliyopita, omba la mwezi wenye kazi nyingi, na kama lipo, lile lililowahi kuwasumbua. Wakiwa na skima, ile hati ya XSD inayosema kipi ni lazima na kipi si lazima, ichukue pia, ila usiiamini kuliko faili. Nimeshapokea skima inayosema tarehe ni lazima pamoja na faili lisilo na tarehe, vyote kutoka kwa mtu mmoja, siku moja.

Usichomoe data kwa kutafuta herufi zilizo kati ya `<uzito>` na `</uzito>`. Najua inavutia, na siku ya kwanza itafanya kazi. Kesho yake mwenzio ataongeza sifa (taarifa ya ziada) ndani ya tagi, au ataandika `<uzito/>` ambayo maana yake ni sawasawa na `<uzito></uzito>`, au ataficha rekodi ya zamani ndani ya maoni, yale maelezo ambayo programu inapaswa kuyaruka, nawe utaihesabu. Tumia kichanganuzi (parser), yaani programu iliyokwisha kutengenezwa ya kusoma XML kwa kanuni zake. Karibu kila lugha ya programu inacho, na XML ni kiwango cha W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, tangu Februari 1998, kwa hiyo wapo walioumwa kichwa zamani kwa niaba yako.

Amua muundo wako mwenyewe kabla ya kulitazama faili lao. Sisi tulihitaji chombo, nahodha, aina ya samaki, kilo, bei, malipo na tarehe ya kushusha, basi. Sehemu moja tu ya programu ndiyo ijue kuwa kuna kitu kinaitwa XML. Sehemu nyingine zote zijue rekodi yako. Mnunuzi wetu aliamka siku moja akabadilisha `<chombo>` kuwa `<mashua>`. Nilirekebisha mstari mmoja nikarudi kunywa chai.

Usimbaji wa herufi, yaani namna herufi zinavyogeuzwa kuwa namba ndani ya kompyuta: XML isiyotaja usimbaji huchukuliwa kuwa UTF-8, au UTF-16 kama ina alama yake mwanzoni. Mpe kichanganuzi baiti zenyewe (data ghafi ya faili), usilifungue faili kama maandishi kisha ukampa. Ukifanya hivyo, Niccolò wa hoteli atatokea kwenye risiti kama NiccolÃ², na atakuja kulalamika.

Tukiwa kwa Waitaliano bado, mji huu wanao wengi, na programu zao huandika nusu kwa mkato: 12,5. Mtu fulani (sisemi nani) aliamua mikato yote ni ya kutenganisha elfu, akaifuta. Kilo kumi na mbili na nusu za kamba zikawa kilo 125. Uliza namba zinaandikwaje, kisha ikija ya namna nyingine programu ikatae. Isikisie.

Namba za simu na namba za usajili wa vyombo zibaki maandishi. Sifuri ya mbele ikishapotea hairudi.

Nafasi za majina (namespaces). Ukiona `xmlns` pale juu ya faili, jua kwamba jina la tagi si lile unaloliona tu; limebeba pia anwani iliyoandikwa hapo. Utatafuta `uzito`, hutapata kitu, na hutaambiwa kosa lolote. Utapewa orodha tupu kwa adabu kabisa. Nusu siku yangu ililiwa hapo.

Saa. Hili linatuhusu sisi zaidi ya wengine. Karani akiandika 2:30 ana maana ya saa mbili u nusu asubuhi, na kompyuta inaisoma saa nane u nusu ya usiku. Mwezi mzima rekodi zetu zilionyesha kwamba vyombo vyote vya Malindi hushusha samaki usiku wa manane. Na tarehe ikiishia na herufi Z, hiyo ni saa ya dunia, nyuma yetu kwa masaa matatu: chombo kilichofika Jumamosi saa saba usiku kitaandikwa Ijumaa saa nne usiku, na kama malipo hufungwa Ijumaa, nahodha ameingizwa kwenye wiki isiyo yake.

Tofautisha pia kitu kisichokuwepo, kitu kilicho kitupu, na sifuri. Tagi ya bei isipokuwepo, bei haijulikani. Ikiwa tupu, kuna mtu alisahau. Ikiwa 0, samaki waligawiwa bure, na sijawahi kuona hilo likitokea pale gatini. Halafu zile maktaba (programu za kuazima) zinazogeuza XML kuwa kamusi, yaani jozi za jina na thamani, kwa mpigo mmoja: zikikuta rekodi kumi hukupa orodha, zikikuta moja hukupa rekodi yenyewe bila orodha. Siku ya kusi kali, chombo kimoja tu kimethubutu kutoka, programu inaanguka. Jaribu na moja, jaribu na hakuna.

Sasa lile lililonikalisha benchi.

XML husomwa kwa njia mbili kubwa. Faili likiwa dogo, lisome lote likae kwenye kumbukumbu kama mti, upande matawi upendavyo. Kumbuka tu kwamba mti huo hula kumbukumbu mara kadhaa ya ukubwa wa faili. Likiwa kubwa, lisome kwa mkondo: kichanganuzi kinapita juu ya faili kama mtu anayesoma kwa sauti, kinakuambia tagi hii imefunguka, haya ni maandishi, tagi imefungwa. Ndiyo njia iitwayo SAX. Kompyuta ya chama cha wavuvi ilikuwa kuukuu, ya gigabaiti 2, kwa hiyo nikachagua mkondo, na nikajiona fundi.

Kosa langu lilikuwa kwenye hayo "maandishi". Niliamini kwamba kati ya kufunguka na kufungwa kwa `<malipo>` nitaambiwa maandishi mara moja. Kwa hiyo kila nilipoambiwa, niliyaweka kwenye kigeu (kisanduku cha kuwekea thamani ndani ya programu), nikifuta kilichokuwemo. SAX haijaahidi hivyo hata siku moja. Kichanganuzi kina ruhusa ya kukuletea maandishi ya tagi moja kwa vipande, viwili au vitano, kinavyotaka.

Na dalili niliiona mapema. Kulikuwa na chombo kilichosajiliwa kwa jina la "Shee & Wanawe", ambalo ndani ya XML lazima liandikwe "Shee &amp; Wanawe". Kwenye skrini yangu lilitokea "Wanawe" peke yake. Kichanganuzi kilikuwa kimelileta kwa vipande vitatu, nami nikabaki na cha mwisho. Badala ya kuuliza kwa nini, nikailaumu ile alama, nikamwomba mnunuzi aandike "na". Akaandika. Jipu nikalifunika kitambaa, nikasema limepona.

Msimu wote wa kusi mambo yalikaa sawa. Bahari mbaya, vyombo vichache, faili la wiki dogo kiasi kwamba kichanganuzi kilikuwa kinalimeza kwa pumzi moja. Kisha kaskazi ikaingia, bahari ikatulia, samaki wakajaa. Faili likavimba. Kichanganuzi kikaanza kulisoma kwa mafungu, kinajaza bafa (kihifadhi chake cha muda), kinamaliza, kinajaza tena. Na popote fungu moja lilipoishia katikati ya namba, namba ilikatika pale.

Nahodha alinifuata dukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ile mashini yako imekula nguru wangu."

Akatoa daftari lililofungwa kwa nailoni, kurasa zimenyong'onyea kwa maji ya chumvi, akalifungua juu ya kaunta yangu. Mistari ya kalamu, minne na mmoja wa kukata, minne na mmoja wa kukata. Pembeni ameandika: nguru, kilo 128 na nusu, mia tatu. Risiti iliyotoka kwenye programu yangu ilisema shilingi 550.

Nikajitetea. "Huenda walikosea kuandika kule Mombasa, mzee."

"Basi nionyeshe walivyoandika."

Nikafungua faili mbele yake. 38550, imekaa nzima, haina doa. Sikuwa na la kusema.

Usiku ule niliandikisha kila kipande kinavyofika. "38". Kisha "550". Nikafuta rekodi moja tu ya juu kabisa, ya mtu mwingine, nikaendesha tena: mzee wangu akapona, akaumia nahodha mwingine mistari kadhaa chini. Hapo nikajua tatizo haliko kwenye rekodi ya mtu. Liko kwenye mahali fungu linapoishia. Kati ya rekodi 412 za wiki ile, tatu zilikatika. Ndiyo maana sikuona kwa macho. Nani anakagua 412 ili apate tatu?

Dawa yake ni mistari mitatu. Tagi ikifunguka, safisha kigeu. Maandishi yakija, yaongeze mkiani, usifute yaliyotangulia. Tagi ikifungwa, hapo ndipo uyageuze kuwa namba na kuyatia kwenye rekodi. Usigeuze mapema, hata kama unaona namba imekamilika. Na kama unatumia Java, unapewa safu ya herufi pamoja na mahali pa kuanzia na urefu. Chukua sehemu hiyo tu, usiibebe safu nzima, maana ndani yake mna vitu vya jirani.

Kilichoniuma zaidi ni mkia wa faili. Kila wiki, chini kabisa, mnunuzi alikuwa anaandika idadi ya rekodi na jumla ya pesa. Sikuwa nimewahi kuzisoma. Muundo wangu haukuwa na nafasi yake, kwa hiyo nilizipita kama mtu anayepita salamu. Ningejumlisha malipo niliyosoma nikayalinganisha na jumla ile, programu ingekataa wiki ya kwanza tu ya kaskazi. Hata kilo mara bei ingetosha: 128.5 mara 300 si 550, na mtoto wa darasa la tano anaijua. Siku hizi nikipewa XML, kitu cha kwanza ninachouliza ni kama ina jumla ndani yake, na kama haina naomba iwekwe.

Tulirudia mafaili ya wiki sita. Wote walioguswa walikuwa wamepunjwa; hakuna hata mmoja aliyezidishiwa, kwa sababu namba iliyokatwa kichwa daima ni ndogo. Lieleze hilo kwenye benchi la wavuvi uone. Mmoja wa wale wazee aliniuliza, kwa upole mkubwa, kwa nini mashini isikosee hata mara moja kwa upande wao. Walilipwa wote, lakini yule bado anazihesabu noti mbele yangu.

Na kwa kuwa uko kwenye mkondo, shika na hili: faili likiharibika katikati, kichanganuzi husimama pale pale, ila rekodi za juu umeshapewa. Ukiwa unazihifadhi moja moja, umeme ukikatika wakati faili linashushwa utabaki na nusu ya wiki ndani ya hifadhidata, na ukirudia utawalipa wengine mara mbili. Kusanya zote pembeni, linganisha na jumla, kisha ndipo uziingize kwa pamoja, au usiingize hata moja.

Zima DTD, ile sehemu ya XML inayoruhusu faili kujitungia vifupisho vyake, kama huihitaji, na karibu hakika huihitaji. Kifaili kisichofika kilobaiti moja kinaweza kutaja neno linalojitanua mara kumi, na hilo mara kumi tena, hadi lifike bilioni moja na kompyuta izimie. Kwa mlango huo huo, mtu anaweza kukifanya kichanganuzi kisome faili la siri kwenye mashine yako na kulitia ndani ya data. Vichanganuzi vingine vimeshafungwa hivyo tangu kiwandani, vingine havijafungwa. Angalia chako.

Mengine ni ya kawaida. Hifadhi faili asili kama lilivyokuja, kabla programu haijaligusa. Bila hayo ya wiki sita ningekuwa nimehamia Garsen. Usiweke toleo jipya Alhamisi usiku kama watu hulipwa Ijumaa. Karani mpya akianza kazi, mwulize anaandikaje saa. Chapisha rekodi tano za kwanza na tano za mwisho uzisome kwa macho yako, zile za mwisho hasa. Na flashi yenye nakala usiiache kwenye droo ya ofisi inayotazama bahari. Ya kwangu ilishika kutu kabla kaskazi haijaisha, ikabidi niombe mafaili upya Mombasa.